Ugua Pole: Lugha ya Maradhi na Simulizi za Tibakemikali

Kwa muda mrefu uhakiki wa maandishi yanayohusu saratani umeshughulikia zaidi kisu kuliko dawa. Sababu yake si ngumu kuiona. Upasuaji ni tukio. Una usiku wa kuamkia siku yenyewe, una mlango unaofungwa, una fahamu zinazopotea na kurejea, na una kovu linalosalia mwilini mithili ya muhuri. Mwandishi anayeusimulia hujipatia bila ya gharama kila kitu ambacho nadharia ya msuko imekidai tangu zama za Aristotle: mwanzo, kati na mwisho. Kitabu cha Audre Lorde, The Cancer Journals, kilichotolewa mwaka 1980, ni mfano bora. Kiini chake ni kuondolewa kwa titi la kulia mwaka 1978, na tukio linalokumbukwa mno na wasomaji wake ni lile la muuguzi katika ofisi ya daktari anayemlaumu Lorde kwa kuja bila ya titi la bandia, eti anawavunja moyo wagonjwa wenzake. Hapo pana wahusika, pana mgogoro na pana hoja. Mwalimu wa fasihi hahitaji zaidi ya hayo ili kujaza kipindi cha saa mbili.

Tibakemikali inayofuata baada ya upasuaji haina ukarimu wa namna hiyo. Huja kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, na mzunguko wa tatu hufanana na wa pili kama shilingi kwa ya pili. Haina kilele. Msimulizi anayesema kweli hujirudia; na asiyejirudia, yamkini ametia chumvi. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna waandishi wachache walivyolikabili tatizo hilo, na kisha kuuliza kama lugha ya Kiswahili, kwa sarufi yake na kwa tungo zake kongwe, haina njia yake ya kulisema jambo ambalo Kiingereza kimezoea kulisema kwa msamiati wa vita.

Tuanze na majina. Saratani ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani; ndiyo sababu wanafalaki wetu wana buruji ya Saratani. Kansa limepitia Kiingereza kutoka Kilatini, na maana yake vilevile ni kaa. Wagiriki wa kale ndio walioutazama uvimbe na mishipa iliyouzunguka wakaona mfano wa kaa na miguu yake. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anayechagua baina ya maneno hayo mawili hachagui baina ya sitiari mbili. Anachagua tu mlango wa kuingilia katika sitiari moja. Kuhusu tiba hali ni tofauti. Neno tibakemikali limeundwa na wanaistilahi, na kwa uundaji wake halina kasoro, lakini kwenye mabenchi ya kliniki halisikiki. Huko watu huenda kemo, huwekewa dawa, au kwa kauli ya wazee, hutiwa maji. Kemikali kwa mkulima wa kawaida ni kile kinachopuliziwa kahawa, na anayekipulizia hujifunika pua. Si ajabu basi kwamba mgonjwa hulikwepa neno hilo. Nalitumia hapa kwa sababu majarida yana ada zake.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika mantiki ya tiba yenyewe. Mwaka 1976 Gianni Bonadonna na wenzake wa Milan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanawake waliopewa mchanganyiko wa dawa tatu baada ya kuondolewa titi walirudiwa na ugonjwa kwa kiwango kidogo kuliko wale waliofanyiwa upasuaji peke yake. Dawa hizo zililenga chembe ambazo huenda zimebaki mwilini na ambazo jicho halizioni, wala mashine haizioni. Kwa mtazamo wa afya hili ni jambo la kushukuru. Kwa mtazamo wa usimulizi ni fumbo. Mtu ameingia chumba cha upasuaji akijihisi mzima, pengine akiwa na kivimbe tu kisichomuuma. Ametoka, uvimbe haupo. Na sasa, akiwa hana ugonjwa unaoonekana, anaanza kuugua. Kinachomlaza kitandani ni dawa. Na dawa ikimalizika hakuna ishara ya kuonyesha kwamba imefaulu, kwa maana kufaulu kwake ni kutotokea kwa jambo. Katika hadithi nyingi tulizozoea, kupona ni tukio. Katika hii, kupona ni miaka kupita bila ya tukio.

Pengo hilo la mwisho haliwezi kuachwa wazi, kwa hiyo limezibwa kwa kengele. Mwaka 1996 katika hospitali ya MD Anderson mjini Houston, Irve Le Moyne, afisa wa ngazi ya juu katika jeshi la wanamaji la Marekani, alipomaliza tiba yake ya mionzi aliipiga kengele ya shaba aliyoileta mwenyewe, kwa kufuata desturi ya wanamaji ya kutangaza kazi imekwisha. Desturi hiyo ikaenea katika hospitali nyingi, ikahamia pia kwa wanaomaliza dawa. Sina ugomvi na anayeipiga. Furaha ya mgonjwa haihakikiwi. Ila mwanafunzi wa fani atambue kinachotendeka pale: simulizi isiyo na tamati imekopeshwa tamati kutoka jeshini.

Susan Sontag aliliona suala la vita mapema kuliko wengi. Katika Illness as Metaphor (1978) alionyesha jinsi lugha ya saratani ilivyokopwa kutoka uwanja wa mapigano, ambamo chembe huvamia, mwili hujihami, mionzi hushambulia na dawa huwa silaha za sumu. Alitaka sitiari ziondolewe ili maradhi yabaki maradhi. Katika AIDS and Its Metaphors (1989) aliendelea mbele zaidi akadai kwamba sitiari huua, kwa kuwa humfanya mgonjwa aziogope bila ya sababu tiba zinazoweza kumfaa, na tibakemikali ni mojawapo ya alizozitaja. Hii haikuwa nadharia tupu. Sontag mwenyewe alikuwa ameondolewa titi katikati ya miaka ya 1970 na akapitia dawa hizo kwa muda mrefu. Hata hivyo katika kitabu cha 1978 nafsi ya kwanza ya mgonjwa haimo. Alieleza baadaye kwamba hadithi nyingine ya mtu aliyelia, akafarijiwa, kisha akajipa moyo, isingewafaa wasomaji kama wazo linavyowafaa.

Nimeifundisha hoja hiyo kwa wanafunzi wa uzamili kwa miaka kadhaa, na nimesahihisha mitihani ambamo ilirudishwa kwangu nzima kama nilivyoitoa. Sasa yanipasa kusema jambo ambalo taratibu za uandishi wetu zingetaka nilifiche. Mwandishi wa makala haya ameondolewa titi. Kisha amepewa mizunguko minane ya dawa, minne ya kwanza ikiwa na ile nyekundu iitwayo doksorubisini pamoja na saiklofosfamaidi, na minne ya pili ikiwa na paklitakseli. Nasema haya kwa sababu moja tu: yapo mambo mawili katika hoja ya Sontag ambayo sikuyapima sawasawa hapo kabla.

La kwanza ni kwamba vita, katika habari hii, si sitiari tupu. Saiklofosfamaidi ni ya ukoo mmoja na gesi ya haradali iliyotumiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Majaribio ya kwanza ya kumtibu mgonjwa wa saratani kwa dawa ya ukoo huo yalifanyika katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1942, yakiwa sehemu ya utafiti wa siri wa silaha. Na tarehe 2 Disemba 1943 meli ya Kimarekani, John Harvey, iliyokuwa imesheheni mabomu ya gesi hiyo, ilishambuliwa katika bandari ya Bari, Italia, na uchunguzi wa miili ya waliokufa ukaonyesha jinsi sumu hiyo inavyoziangamiza chembe nyeupe za damu. Doksorubisini ina asili ya upole zaidi, kwani ilipatikana kutokana na bakteria wa udongoni huko huko Italia, ikapewa jina la kibiashara linalotokana na bahari ya Adriatiki. Lakini muuguzi anayeileta amevaa glavu na aproni ili tone lisimguse ngozi, kisha huisukuma taratibu katika mshipa wako huku akitazama kama mkono unavimba. Kwa masaa kadhaa baadaye mkojo ni mwekundu. Ukiyaona hayo huhitaji mshairi akuambie kwamba ulichotiwa ni sumu. Sontag alilijua hilo, na alilitaja. Ila aliliorodhesha miongoni mwa mifano ya usemi, ilhali ni historia.

La pili ni kwamba kuifagia sitiari hakuachi uwanja mtupu. Huacha kimya, na kimya hujazwa na wanaokupenda. Wenzangu wa kazini waliniletea jumbe za simu kila wiki ya dawa: pigana, usikubali kushindwa, wewe ni shujaa. Walikuwa wakweli katika nia zao. Nilizisoma nikiwa nimelala ubavu, chai ikiwa na ladha ya sarafu mdomoni, nikajiuliza napigana kwa kiungo gani. Vita huhitaji mpiganaji atende jambo. Mimi nilikuwa nimekaa kitini kwa masaa manne na dripu ikidondoka. Tena, ugonjwa ukirudi, nani atahesabiwa kuwa ameshindwa? Katika muda huohuo mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Mombasa, na kama alivyomwambia kila mgonjwa maisha yake yote, akaniambia, "Ugua pole, mwanangu."

Ugua pole. Tumeizoea kauli hii hata hatuisikii. Ni kitenzi cha amri kinachomwamuru mtu augue, na kielezi kinachomwambia namna ya kuugua: kwa upole, kwa taratibu. Haimtaki apone upesi kama kadi za kutakiana heri za Kiingereza zinavyomtaka. Haimtaki ashinde. Inakubali kwamba kuugua ni jambo ambalo mtu hulifanya, ambalo lina muda wake na mwendo wake, na inachomtakia ni kwamba mwendo huo usiwe wa kumvunja. Kwa mgonjwa wa mfupa au wa homa kauli hii huenda ikaonekana ni ya adabu tu. Kwa mtu aliyepangiwa siku 168 za dawa, na ambaye kila siku 21 ataugua tena kwa makusudi na kwa ratiba, ni maelezo sahihi kuliko yote niliyoyasikia.

Sarufi yetu yaenda mbali kuliko hapo. Kutokana na mzizi huo mmoja tunapata kuugua, kuuguza na kuuguliwa. Anayeuguza ni yule anayemhudumia mgonjwa. Mnyambuliko wa kusababisha umetumika pasipo kusababisha ugonjwa wowote, bali kuufanya uwezekane kubebwa. Anayeuguliwa ni yule ambaye mtu wake ameugua. Umbo hili ni ndugu wa kufiwa. Kama vile kifo cha mume humtenda mke jambo ambalo kitenzi hulitaja, ndivyo ugonjwa wa mke unavyomtenda mume, watoto na wazazi: wameuguliwa. Mwanaisimu hueleza habari hii kwa kauli ya kutendewa na kuendelea na somo. Mhakiki wa simulizi za maradhi hapaswi kuendelea haraka hivyo, kwani mwongozo wa shujaa na adui una nafasi ya watu wawili pekee, mgonjwa na ugonjwa, na waliobaki ni watazamaji wa kushangilia. Kiswahili kimewaingiza watazamaji hao ndani ya kitenzi.

Tamthilia ya Margaret Edson, Wit, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 huko California na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1999, ina mhusika ambaye hana mtu wa kuuguliwa naye. Vivian Bearing ni profesa wa ushairi wa Kiingereza wa karne ya 17, bingwa wa John Donne, na saratani yake ya ovari imekwisha kusambaa. Hapewi dawa za kuzuia ugonjwa usirudi. Anapewa mizunguko minane ya kipimo kamili kwa ajili ya utafiti. Edson analitatua tatizo la marudio kwa ustadi. Badala ya kuionyesha mizunguko yote, anairudia salamu. Tangu mwanzo wa mchezo Vivian anatueleza kwamba kila anayepita humuuliza hali yake, hata akiwa na beseni la matapishi mapajani, naye hujibu kwamba ni njema. Anangoja, asema, siku atakapoulizwa hivyo akiwa maiti, na asikitika kidogo kwamba hatakuwapo kuisikia.

Mswahili akiusoma mwanzo huo hucheka kicheko chake mwenyewe. Salamu yetu ni kanusho: hujambo, nawe wajibu sijambo, yaani huna jambo, nami sina. Mgonjwa wa kemo anayeketi barazani husalimiwa na watu ishirini kabla ya adhuhuri, na mara ishirini anatangaza kwamba hana jambo. Hapana anayedanganywa. Salamu ikishapita ndipo swali lenyewe huulizwa, na kutoka hapo lugha ina ngazi nzima ya majibu: ana nafuu, hajambo kidogo, yu vilevile. Hajambo kidogo! Kimantiki kauli hii ni kichekesho, kwani mtu ama ana jambo ama hana. Kimaisha ndiyo inayotaja kwa usahihi siku ya 12 ya mzunguko, vidonda vya mdomo vikianza kufunga na uji wa wimbi ukianza kupita. Vivian hana ngazi hiyo. Ana njema, na baada ya njema hana kitu.

Kwa upande mwingine, Wit ina dosari ambayo sifa zake nyingi zimeifunika. Profesa huyu alikuwa mkali kwa wanafunzi, akauchukulia ushairi kuwa fumbo la akili. Maradhi yanamfundisha thamani ya wema, na karibu na mwisho mwalimu wake wa zamani anapanda kitandani kumsomea kitabu cha watoto. Tukio hilo lina nguvu jukwaani. Lakini maana yake ni kwamba dawa zimekuwa adhabu na shule, na mgonjwa amestahili kufunzwa. Hii ndiyo hasa tabia ya kuyapa maradhi maana ya kimaadili ambayo Sontag aliikataa miaka 17 kabla yake. Sikujifunza lolote kutokana na dawa zangu isipokuwa majina yao.

Anne Boyer, mshairi wa Marekani aliyegunduliwa na saratani ya titi mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 41, anaikataa shule hiyo waziwazi. The Undying (2019), kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2020, ni kitabu cha vipande. Hakina shujaa, na kina hasira, ambayo baada ya kurasa nyingi humchosha msomaji. Nadhani mwandishi alikusudia achoke. Alichokiona Boyer kuliko waliomtangulia ni kwamba kuistahimili tibakemikali ni kazi, tena kazi inayohitaji mikono ya wengine na pesa. Yeye alilazimika kurejea darasani siku kumi baada ya kuondolewa matiti, marafiki wakimbebea vitabu. Kwetu Kenya kazi hiyo hupewa sura ya mchango. Kamati huundwa, kikundi cha simu hufunguliwa, na msemaji wa kwanza katika harambee atasema kwamba mwenzetu yuko vitani. Hapo nisingemlaumu. Mtu hatoi elfu tano kwa sababu jirani yake anaugua pole. Lugha ya vita ni lugha ya kuchangisha tangu zamani, na huenda hiyo ndiyo kazi yake halali peke yake.

Sasa niliendee kwetu. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kwa ajili ya binti yake. Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ameusoma, na kila mwanafunzi anajua mjadala wake. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa kwa Kiingereza jina linaloufanya kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo tumekuwa tukijibu jina hilo kuliko shairi. Upo upande unaouona utendi huu kuwa katiba ya utiifu wa mwanamke. Upo upande, na hasa makala ya Ann Biersteker ya mwaka 1991, unaosikia kejeli na mbinu ndani ya utiifu huo. Nimeshiriki mjadala huo katika semina nyingi na sikusudii kuuamua.

Ninachotaka kukitazama kiko kabla yake, katika beti za mwanzo tunazozipita mbio ili tufike kwa mume. Mama anamwita binti asogee. Anamwambia kwamba maradhi yamemshika, kwamba yametimiza mwaka, na kwamba katika muda huo hakupata kumtamkia neno la maana. Kisha anamtaka aje aketi, na wino na karatasi. Hayo tu. Maradhi hayatajwi jina, na hatuna haki ya kuyabuni. Hayaitwi adui, wala mgonjwa haitwi shujaa. Mambo mawili yanatajwa: muda wake, na kile ulichokichukua, nacho ni usemi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tasnifu fupi kuliko zote kuhusu kuugua kwa muda mrefu iliyoandikwa katika lugha hii. Mtunzi hasubiri apone ndipo aseme, ingawa baadaye, katika dua yake, anamwomba Mola amwondolee dhiki. Anasema akiwa ndani. Utendi wote, wenye beti zaidi ya mia moja, ni usemi uliopatikana tena baada ya mwaka wa kimya, na ukisomwa hivyo hata sehemu inayohusu mume inabadilika uzito wake: ni mambo ambayo mama alikuwa hana uhakika kwamba angepata pumzi ya kuyasema.

Vina vinavyorudi kwa -ia ubeti hata ubeti vinafanya hapa kazi ambayo riwaya haiwezi kuifanya kwa urahisi. Utendi hauogopi kujirudia. Kila ubeti huondoka, hutembea mizani zake 32, hurudi palepale. Nilipokuwa nahesabu mizunguko niliona kwamba hii ni fani inayojua kuhesabu bila ya kuahidi kilele, na nikaacha kuitafutia tibakemikali msuko.

Ningeweza kuishia hapa na kuitangaza lugha yetu kuwa imeshinda. Lakini ningekuwa nimeficha nusu ya habari. Upole na subira katika Kiswahili vina jirani yao aitwaye vumilia, na jirani huyu ana mkono mzito, hasa kwa wanawake. Utiifu anaousia Mwana Kupona na ustahimilivu wake kitandani vimefumwa kwa uzi mmoja. Hatuwezi kuusifu mmoja na kuukana mwingine kana kwamba havijuani. Katika mzunguko wa tatu nilipata homa usiku. Nilikuwa nimeambiwa, na karatasi nilikuwa nayo, kwamba joto likifika nyuzi 38 nisingoje asubuhi, kwa sababu chembe nyeupe za damu zikiwa chini, maambukizo madogo yanaweza kuua kwa masaa. Kipimajoto kilionyesha 38.4. Nilikwenda. Katika hospitali nitakayoiacha bila ya jina, aliyenipokea alinitazama, akaniambia hizo ni dawa tu, nivumilie, niketi. Nami nikaketi hadi kulipokucha. Lawama ya kumi si yake, tisa labda. Mimi mwenye shahada ya uzamifu katika lugha hii niliambiwa neno moja nililolijua tangu utotoni kuwa ni sifa njema, nikalitii, huku meno yakigongana. Damu ilipopimwa asubuhi daktari hakutaka kuniambia idadi kabla ya kunitundikia dawa ya mshipani.

Kwa hiyo Sontag alikuwa na haki kwamba usemi waweza kuua, ila aliutafuta usemi huo katika kambi za jeshi pekee. Kwetu ungeweza kutoka jikoni kwa bibi. Ugua pole na vumilia hutamkwa kwa sauti moja ya huruma, na katika maandishi yetu ya ubunifu huachwa mara nyingi zikae pamoja kama visawe. Si visawe. La kwanza lamruhusu mgonjwa augue, na anayeugua aweza kusema yuko wapi na kinamuuma nini. La pili lamtaka ugonjwa wake usisikike. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika riwaya ya kemo, naye aje upesi, atapimwa kwa jinsi atakavyoisikia tofauti hiyo katika vinywa vya wahusika wake.

Limebaki jambo la wino na karatasi. Wafasiri wengi huzichukulia kuwa pambo la ufunguzi: binti ajiandae kusoma, au kujifunza. Lakini mama ndiye mgonjwa wa mwaka mzima, na kalamu imo mkononi mwa binti. Inawezekana kabisa kuusoma ubeti huo kwamba aliyeandika ni yule aliyeuguliwa. Sikuwahi kuusoma hivyo mpaka paklitakseli iliponifisha ganzi vidole. Chaki iliniponyoka darasani, na vifungo vya gauni nilifungiwa. Madondoo ya kwanza ya makala haya yako kwa mwandiko wa binti yangu, aliyekuwa kidato cha nne, kwenye daftari lake la hesabu. Nilimtajia sentensi, akaandika. Mahali pamoja nilisema kwamba katika mzunguko wa sita mwandishi hakuwa na jambo. Akainua kalamu akaniuliza kama niliitaka iandikwe hivyohivyo. Nikamwambia afute, aandike alichokiona yeye. Ukurasa huo ninao. Una mistari minne, na sijapata ujasiri wa kuuhariri.